Mheshimiwa Aliyekataa Hesabu

Hapa Garissa, mtu akivuka daraja la Tana kuelekea Nairobi, wazee bado husema ameenda Kenya. Wageni hucheka. Lakini kauli hiyo ina chanzo chake. Desemba 1963, wiki mbili tu baada ya uhuru, serikali ilitangaza hali ya hatari katika eneo letu, na haikuiondoa mpaka 1991. Karibu miaka yote hiyo tulikuwa na wabunge. Sasa jiulize: mbunge wa watu wachache, tena watu wanaoshukiwa na serikali yao wenyewe, ana kazi gani Bungeni?

Mimi chuo nilikiacha njiani, kwa hivyo jibu langu silitoi darasani. Ninalitoa kwa Ahmed Khalif Mohamed, mbunge wa Wajir Magharibi.

Februari 10, 1984, maafisa wa usalama walianza kuwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia huko Wajir, ati wanatafuta bunduki. Wakawapeleka kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, wakawavua nguo, wakawaweka juani siku kadhaa bila maji wala chakula. Waliojaribu kutoroka walipigwa risasi. Maiti nyingine zilitupwa mbali porini.

Kumbuka huo ulikuwa mwaka gani. Jaribio la mapinduzi la 1982 lilikuwa halijapoa, KANU ndicho chama pekee kilichoruhusiwa, na mbunge mwenye mdomo angeweza kujikuta kizuizini. Khalif alisimama na kuuliza. Aprili, waziri Justus ole Tipis akajibu: waliokufa ni 57. Khalif hakuikubali hesabu hiyo.

Unaweza kusema, basi alishinda nini? Hakuna aliyeshtakiwa. Ni kweli. Lakini serikali ilikuwa imelazimika kutaja idadi, na idadi ikishaingia kwenye kumbukumbu za Bunge, watu wana kitu cha kupinga. Oktoba 2000, William Ruto, wakati huo waziri msaidizi katika Ofisi ya Rais, alitaja 380. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya 2013 ilisema huenda walikaribia elfu moja. Manusura wanazungumzia maelfu.

Linganisha na kwetu. Novemba 1980 Bulla Kartasi ilichomwa, watu wakauawa, na wengine wakafungiwa uwanjani. Mimi habari hizo nimezisikia kwa mdomo tu, na kila mzee ana hesabu yake.

Khalif hakuishi kuona ripoti ile. Alikuwa Waziri wa Leba kwa wiki chache tu katika serikali mpya ya Kibaki alipofariki Januari 24, 2003, ndege yao ilipoanguka Busia.

Machi 26, 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliomba msamaha Bungeni kwa niaba ya serikali yake na serikali zilizotangulia, akaahidi hazina ya shilingi bilioni 10. Wiki moja baadaye, Aprili 2, magaidi wa Al-Shabaab waliwaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, na Msomali akarudi kuulizwa kipande kila kizuizi cha barabarani. Waathiriwa wa Wagalla bado wanangoja fidia. Wabunge wetu siku hizi ni wengi kuliko wakati ule, wengine wamekuwa mawaziri wakubwa. Wakisimama kuzungumza, mimi husikiliza kitu kimoja tu: kama kuna idadi waliyoikataa.