Kumlisha mgonjwa wa kisukari nyumbani

Mama au mlezi wa Endagikot, mgonjwa wa kisukari hahitaji kupikiwa chungu chake. Ale mlo wa familia, ila mpakulie hivi: nusu ya sahani mboga za majani, robo ugali, robo maharage au nyama. Dona ni bora kuliko sembe, lakini nayo isizidi robo. Chai na uji visitiwe sukari wala asali.

Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari asiruke mlo. Akitetemeka, kutokwa jasho au kuchanganyikiwa, mpe mara moja maji yenye vijiko 3 vya chai vya sukari. Asipopata nafuu baada ya dakika 15, rudia. Akizimia, usimpe chochote mdomoni, mwahishe hospitali.