Kontena la Kufuli Mbili: Serikali ya Kenya na Ulinzi wa Mitihani ya Sekondari

Kila mwaka ufikapo msimu wa mitihani ya kidato cha nne nchini Kenya, kabla jua halijachomoza, maofisa wawili wa serikali hukutana mbele ya kontena la chuma katika kila kaunti ndogo. Mmoja ni mkuu wa elimu wa mahali hapo, na wa pili ni naibu kamishna wa kaunti. Kontena lina kufuli mbili, na kila mmoja wao ana ufunguo wa kufuli moja tu, hata isiwezekane kwa mmoja kulifungua pasipo mwenziwe kuwapo. Pembeni wamesimama askari polisi wenye silaha, waliokesha hapo usiku kucha. Mgeni apitaye njiani angedhani kwamba ndani mna risasi au fedha za benki. Kumbe mna karatasi za maswali ya hesabu, Kiswahili na kemia.

Utaratibu huo ulianza mwaka 2016. Lakini ili ueleweke ni kwa nini serikali iliona haja ya kuweka bunduki mlangoni pa karatasi za wanafunzi, hapana budi kurudi nyuma hadi wakati ambapo mitihani hiyo haikuwa mali ya Kenya hata kidogo.

Katika enzi ya ukoloni, kijana wa Nairobi, wa Kampala au wa Tabora aliyefika mwisho wa masomo ya sekondari alipimwa na Chuo Kikuu cha Cambridge cha Uingereza. Chuo hicho kilikuwa kimeanza kutahini wanafunzi wa shule za Uingereza mwaka 1858, na baadaye kikaieneza kazi hiyo katika makoloni. Maswali yalitungwa ng'ambo, na majibu yakafungwa na kupelekwa huko huko kusahihishwa. Mwalimu aliyemfundisha mtoto kwa miaka minne hakuwa na neno lolote juu ya kipimo cha mwisho. Serikali ya koloni nayo haikuwa na kazi kubwa ila kupokea bahasha na kuzituma. Ni kweli kwamba cheti cha Cambridge kiliheshimiwa kila mahali. Lakini heshima hiyo ilikuwa ya mwenye kupima, wala haikuwa ya shule zilizofundisha.

Baada ya uhuru, nchi tatu za Afrika Mashariki ziliunda Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1967, mwaka ule ule wa Mkataba wa Jumuiya. Kwa muda Baraza hilo lilifanya kazi pamoja na Cambridge, kisha likasimama lenyewe. Tanzania ilijitoa mwaka 1971, maana siasa ya Elimu ya Kujitegemea ilitaka kipimo chake, na Baraza la Mitihani la Tanzania likawekwa kwa sheria mwaka 1973. Kenya na Uganda ziliendelea pamoja kwa miaka kadhaa. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 haikuwa rahisi tena kwa nchi hizo kuwa na kipimo kimoja, na mwaka 1980 Kenya ikaunda Baraza lake la Taifa la Mitihani. Uganda ikafuata mwaka 1983.

Basi katika muda wa miaka kumi na sita tu, kazi iliyokuwa ya Cambridge ikawa ya mabaraza matatu ya Afrika. Huo ulikuwa ushindi, na ulistahili kuitwa hivyo. Pamoja na ushindi huo, hata hivyo, ulikuja mzigo ambao haukutazamwa sana wakati ule. Bahasha zilipokuwa zikitoka Uingereza, mtu aliyetaka kuiba maswali kabla ya siku yake ilimpasa aibe bandarini au ofisini kwa wachache. Mabaraza ya taifa yalipoanza kutunga na kusambaza yenyewe, watu waliokutana na karatasi hizo kabla ya siku yake wakawa wengi: mtunzi, mchapaji, mfungaji wa vifurushi, dereva, mlinzi wa ghala, mkuu wa shule. Kila mmoja wao ana ndugu, na kila ndugu ana mtoto shuleni.

Nchini Kenya thamani ya karatasi hizo ilipanda zaidi baada ya mwaka 1985, mfumo wa elimu ulipobadilishwa ukawa wa miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu. Kidato cha tano na cha sita kikaondolewa. Mtihani mpya wa kidato cha nne, ujulikanao kwa herufi KCSE, ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989. Kuanzia hapo, kijana mwenye umri wa miaka kumi na minane hivi aliingia katika chumba cha mtihani kwa wiki chache, na alipotoka maisha yake yalikuwa yamekwisha kupangwa. Apataye daraja la C+ au zaidi huhesabiwa kuwa anafaa kwenda chuo kikuu. Wanaobaki chini yake hutafuta njia nyingine. Hata anayetaka kuingia jeshini au polisi huulizwa alipata daraja gani. Kitu chenye uzito wa namna hiyo hakikosi kupata wanunuzi.

Kwa muda mrefu karatasi zilizokwisha kusambazwa mikoani zilihifadhiwa katika vituo vya polisi. Mpango huo ulionekana kuwa wa busara, kwa sababu kituo cha polisi kina mlinzi saa zote na kina chumba chenye mlango imara. Lakini kituo cha polisi ni mahali penye shughuli nyingi. Watu huingia na kutoka, zamu hubadilishwa mara nyingi, na kifurushi kilichokaa humo kwa siku nyingi huwa ni mali ya kila mtu, yaani hakina mwenyewe. Simu za mkononi zilipoenea, jambo moja lililokuwa dogo likawa kubwa mno. Zamani mwizi wa mtihani alihitaji kuondoka na karatasi, na pengo lake likaonekana. Sasa alihitaji dakika moja tu ya kufungua bahasha, kuipiga picha na kuifunga tena. Picha hiyo iliweza kufika pande zote za nchi kabla ya kengele ya asubuhi kugongwa, na malipo yakapita katika simu hiyo hiyo.

Mwaka 2015 hali hiyo ilifikia kilele. Maswali ya KCSE yalizagaa kwenye simu za wanafunzi na wazazi, mengine ya kweli na mengine ya bandia yaliyouzwa na matapeli. Miongoni mwa waliokamatwa walikuwamo walimu na hata askari polisi. Matokeo yalipotangazwa mapema mwaka 2016, watahiniwa zaidi ya 5,000 walifutiwa. Wengine zaidi ya 2,600 walipewa daraja la A, ambalo ni la juu kabisa, na kila aliyelipata kwa jasho lake alitazamwa kwa jicho la shaka pamoja na yule aliyelinunua. Pengine hilo ndilo lililokuwa dhuluma kubwa kuliko zote, maana aliyefutiwa alijua kosa lake, lakini mtoto mwaminifu hakuwa na njia ya kuonyesha kwamba A yake ni halali.

Sheria haikukosekana. Sheria ya Baraza la Mitihani ya Kenya ya mwaka 2012 ilikuwa imekwisha kuweka adhabu ya kifungo kisichozidi miaka 10, au faini isiyozidi shilingi 2,000,000 za Kenya, au vyote viwili, kwa anayepata karatasi za mtihani na kuyafichua yaliyomo kwa wasioruhusiwa. Kilichokosekana ni mtu wa kuulizwa. Karatasi ilipovuja, kila ofisi ilionyesha kidole kwa ofisi ya pili.

Mwezi Machi 2016 Waziri wa Elimu, Fred Matiang'i, ambaye alikuwa na miezi michache tu katika wizara hiyo, alivunja uongozi wa Baraza na kuwaondoa maofisa wake wakubwa. Akamweka Profesa George Magoha kuwa mwenyekiti. Magoha alikuwa daktari wa upasuaji na alikuwa amepata kuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Mambo yaliyofuata yanafahamika kwa urahisi na mtu yeyote aliyewahi kupokea na kukabidhi lindo. Karatasi ziliondolewa katika vituo vya polisi zikawekwa katika makontena ya peke yake, yenye kufuli mbili. Askari walibaki kuwa walinzi wa nje, wasio na ufunguo. Wakuu wa shule waliambiwa kwamba kila mmoja ndiye atakayekwenda mwenyewe kuchukua karatasi asubuhi, na ndiye atakayejibu lolote likitokea katika kituo chake. Muhula wa tatu ulifungwa kwa wageni: ziara za wazazi, ibada za kuwaombea watahiniwa na mikutano mingine vikapigwa marufuku shuleni.

Upinzani haukukawia. Katikati ya mwaka huo huo moto uliteketeza mabweni na majengo katika shule zaidi ya mia moja. Serikali ilisema kwamba wafanyabiashara wa mitihani walikuwa na mkono wao katika moto huo. Wengine walitaja mambo mengine, kama vile muhula mrefu uliowachosha wanafunzi, hofu ya mitihani na uhusiano mbaya baina ya wakuu wa shule na vijana wao. Yawezekana kwamba sababu hizo zote zilikuwapo kwa pamoja. Lakini serikali haikurudi nyuma.

Matokeo ya mwaka 2016 yalitangazwa tarehe 29 Desemba, wakati ambapo miaka iliyopita wananchi walizoea kungoja hadi Februari au Machi. Kati ya watahiniwa zaidi ya 570,000, waliopata A walikuwa 141 tu. Waliofikia C+ na kupanda walikuwa 88,929, hali mwaka uliotangulia walikuwa zaidi ya 165,000. Safari hii hapakuwa na matokeo yaliyofutwa. Mwaka 2017 idadi ya waliofikia C+ ilishuka tena ikawa 70,073.

Tarakimu hizo zilisomwa kwa namna mbili. Upande mmoja ulisema kwamba sasa ndipo Kenya imeona sura yake halisi, na kwamba maelfu ya madaraja ya zamani yalikuwa ya wizi au ya kupandishwa mezani. Upande wa pili, hasa vyama vya walimu, uliuliza iwapo kazi ya kusahihisha iliyokwisha kwa siku chache iliweza kuwa ya haki, na iwapo waziri hakuwa amekwenda mbali mno kwa kushika mambo ya Baraza kwa mkono wake mwenyewe. Swali hilo la pili lilikuwa zito. Baraza la mitihani huwekwa kwa sheria ili lipime kazi ya shule, na shule hizo ziko chini ya wizara. Waziri anapokuwa msimamizi wa anayefundisha na pia wa anayepima, anahitaji uadilifu usio wa kawaida. Mwaka 2016 Kenya ilipata mkono mkali wakati ulipohitajika. Hata hivyo sheria haiwezi kutungwa kwa kutumaini kwamba kila waziri atakuwa wa namna hiyo. Magoha mwenyewe alipewa wizara hiyo mwaka 2019, akaishika kwa ukali ule ule hadi mwaka 2022. Alifariki dunia Januari 2023.

Mwezi huo huo wa Januari matokeo ya mtihani wa 2022 yalizusha mjadala mkubwa, baada ya baadhi ya shule kupanda kwa kishindo kisichotazamiwa, na Bunge likaiagiza kamati yake ya elimu ichunguze. Hoja iliyojitokeza ilihusu saa chache tu za siku. Karatasi ya asubuhi na ya mchana zilikuwa zikitolewa kontenani pamoja, kwa hiyo karatasi ya mchana ilikaa shuleni tangu alfajiri, mbali na kufuli zile mbili. Mlango wa kontena ulikuwa umelindwa vema, na mwanya ukahamia njiani na ofisini kwa mkuu wa shule. Ndipo katika mwaka 2023 ikaamriwa kwamba mkuu wa shule aende kontenani mara mbili kwa siku, asubuhi kwa karatasi ya kwanza na mchana kwa karatasi ya pili. Kwa shule zilizo karibu na mji hilo ni jambo jepesi. Kwa zile za Turkana, za Garissa au za kando ya mito iliyofurika kwa mvua kubwa za mwaka huo, ni safari mbili mahali ambapo hata safari moja ilikuwa taabu, na penye mafuriko ilibidi helikopta zitumike.

Uganda, ambayo sheria yake mpya ya mwaka 2021 imeweka adhabu ya hadi miaka 10 gerezani, bado huhifadhi karatasi nyingi katika vituo vya polisi. Tanzania nayo ina kumbukumbu zake. Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti uliwagundua watumishi wa umma 9,932 waliokuwa na vyeti vya kughushi, na watumishi hao walipoteza kazi.

Nchini Kenya, askari wa zamu anayekesha kontenani hana ruhusa ya kushika kufuli, na hawezi kujua ndani mna maswali gani. Kazi yake ni kuona kwamba wenye funguo wamefika wote wawili, kwamba vifurushi vimetoka vikiwa vimefungwa, na kwamba aliyekuja kuvichukua ndiye aliyeandikwa katika daftari. Mchana mkuu wa shule hurudi kwa ajili ya karatasi ya pili, na daftari hufunguliwa tena.