Kushuka Kasba ya Algiers

Wenyeji wanaowatembeza wageni katika Kasba, mji mkongwe wa Algiers, huanzia juu. Huwapandisha kwanza hadi kwenye ngome iliyo kileleni mwa kilima, kisha hushuka nao kwa miguu kuelekea baharini. Ni busara, kwa kuwa ngazi ni nyingi na kali. Tena ni juu hapo ndipo yalipoanzia masaibu yaliyoubadilisha mji huu.

Hadi mwaka 1817 watawala wa Algiers, walioitwa Dey, walikaa chini karibu na bandari. Mwaka huo Dey Ali Khodja, akiwahofia askari wake mwenyewe, alihamia ngomeni pamoja na hazina ya dola. Humo ndimo mrithi wake, Hussein, alimokutana na konseli wa Ufaransa, Pierre Deval, mwaka 1827. Ufaransa ilikuwa ikidaiwa fedha za ngano iliyokopeshwa tangu wakati wa mapinduzi yake, na Dey aliuliza kwa nini halipwi. Jibu lilimuudhi, akampiga konseli kwa usinga. Paris ilikifanya kisa hicho sababu ya kuufunga mji kwa manowari, kisha ikaleta jeshi. Tarehe 5 Julai 1830 Hussein alisalimu amri. Mdai aliyenyimwa haki yake ndiye aliyepoteza nchi, na Waalgeria walikaa miaka 132 chini ya mkoloni. Walipochagua siku ya kutangaza uhuru wao mwaka 1962, walichagua tarehe ileile, 5 Julai.

Ukitoka ngomeni unaingia vichochoroni, na hapo jua hukuacha. Ghorofa za juu zimesogezwa mbele ya kuta, zikishikiliwa na safu za magogo membamba, hata nyumba zinazotazamana hukaribia kugusana. Msomaji aliyezoea vichochoro vya Lamu au vya Mji Mkongwe wa Zanzibar ataelewa mara moja: ukuta wa nje hauna cha kumwonyesha mpita njia, uzuri wote umegeuzwa ndani. Nyuma ya mlango kuna ukumbi wenye kona, ili macho ya mgeni yasifike moja kwa moja kwa wenye nyumba. Baada ya ukumbi kuna ua ulio wazi juu, wenye nguzo, vigae vya rangi na mara nyingi kisima, na vyumba vyote vimeuzunguka.

Waashi wa Kasba hawakuwa watu wa kubahatisha. Mwaka 1716 tetemeko kubwa la ardhi liliangusha sehemu kubwa ya mji. Katika nyumba nyingi utaona vipande vya magogo vimelazwa juu ya nguzo, pale matao yanapoanzia, ili ardhi ikitikisika jengo liweze kucheza kidogo bila kupasuka. Nyumba nazo zimeegemeana ukuta kwa ukuta kufuata mteremko, kila moja ikiikinga ya jirani. Chokaa nyeupe, iliyoupa mji sifa kwa mabaharia waliouona kutoka mbali, ilirudisha jua na kuhifadhi matofali, ilimradi ipakwe tena na tena.

Mapaa ni bapa, na yalikuwa milki ya wanawake. Huko walianika nguo, wakazungumza, wakapita nyumba hadi nyumba bila kukanyaga kichochoro. Njia hizo za juu zilikuwa na kazi nyingine, ya kutorokea, mwaka 1957, wakati Jenerali Massu wa Ufaransa na askari wake wa miavuli walipopewa mamlaka ya polisi kuvunja mtandao wa wapigania uhuru wa FLN mjini. Kasba ilizungushiwa seng'enge, watu wakakamatwa kwa maelfu, wengi wakateswa. Tarehe 8 Oktoba, katika nyumba ya mtaa wa Abderames, walizingirwa wanne waliojificha nyuma ya ukuta wa uongo: Ali la Pointe, Hassiba Ben Bouali, Mahmoud Bouhamidi na mtoto aliyeitwa Omar Mdogo. Walikataa kutoka. Askari waliilipua nyumba, na majirani wakafa pamoja nao. Hassiba alikuwa na miaka 19. Afrika Mashariki ina sababu ya kusimama mbele ya nyumba hiyo kwa heshima: FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, kiliwapeleka wapiganaji wake wa mwanzo, akiwemo Samora Machel, kufunzwa Algeria.

Ukizidi kushuka, vichochoro vinakatika ghafla. Huu si mwisho wa mji wa kale. Ni jeraha lake. Baada ya 1830 Wafaransa walibomoa sehemu kubwa ya Kasba ya chini ili wapate uwanja wa gwaride na barabara pana. Msikiti wa Ketchaoua waliufanya kanisa mwaka 1832, na baadaye wakaujenga upya kama kanisa kuu. Ulirudi kuwa msikiti mwaka 1962, Sheikh Bachir El Ibrahimi akitoa hotuba ya Ijumaa ya kwanza. Karibu na bahari umebaki Msikiti Mkuu, uliojengwa na watawala wa Almoravid mwishoni mwa karne ya 11.

Hata hivyo si haki kumlaumu mkoloni kwa kila ufa. UNESCO iliiweka Kasba katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1992, na tangu hapo mipango imetangazwa zaidi ya ilivyotekelezwa. Wenye nyumba wengi walihama, familia maskini zikabanana chumba kwa chumba, maji yakapenya kuta zisizopakwa chokaa. Na kwa kuwa nyumba zinaegemeana, moja ikianguka huacha ya jirani bila nguzo. Aprili 2019 jengo moja liliporomoka na kuua watu watano. Kuzitegemeza kuta kwa magogo na kuziacha hivyo miaka na miaka si uhifadhi.

Ukijaliwa kufika Algiers, mtafute mwenyeji wa Kasba akutembeze na umlipe vizuri. Nunua kwa fundi wa shaba anayegonga sinia dukani kwake, omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na usiingie ua wa mtu bila kubisha hodi. Kasba bado ni mtaa wa watu, na watu hao ndio wa kwanza kustahili fedha za ukarabati.