Winchester 1873

Winchester 1873 ni bunduki ya wenzo iliyotengenezwa na kampuni ya Winchester huko New Haven, Connecticut, Marekani. Wenzo ukishushwa na kurudishwa, ganda hutoka na risasi mpya huingia. Zaidi ya bunduki 700,000 za aina hii zilitengenezwa, nyingi zikifanana. Hivyo umri wake hutambuliwa kwa alama zilizopigwa kwenye chuma.

Namba ya mfululizo hupigwa upande wa chini, nyuma ya wenzo. Hulinganishwa na orodha za kiwanda ili kupata mwaka. Mtutu una tarehe za hataza za 1860 na 1866. Hizo ni za uvumbuzi, si za kutengenezwa. Risasi za .44 zilitangulia, .38 zikafuata mwaka 1879 na .32 mwaka 1882. Alama ya "WP" ilianza 1905. Ikionekana kwenye mtutu wa bunduki yenye namba ya zamani zaidi, huenda mtutu ulibadilishwa.

Tofauti ya mwaka mmoja ina uzito kisheria: sheria ya Marekani ya 1968 huhesabu kuwa za kale silaha zilizotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake.