Silabi na mkazo katika Kiswahili cha Likasi

Likasi, mji wa migodi katika mkoa wa Haut-Katanga, uliitwa Jadotville hadi 1966. Kiswahili chake ni cha Katanga, kilichokomaa katika kambi za wafanyakazi wa Union Minière, kampuni iliyoanzishwa 1906. Msemaji wa Zanzibar akikisikia, hushtushwa kwanza na sauti zake. Ila akihesabu silabi, atajikuta nyumbani.

Chukua neno *mtu*. Katika Kiswahili sanifu lina silabi mbili, *m-tu*, na *m* hiyo isiyo na irabu ndiyo inayobeba mkazo. Likasi husema *muntu*: *MU-ntu*, silabi mbili vilevile, mkazo palepale. *Mtoto* ni *mu-TO-to*. *Kufungua* huwa *ku-fu-NGU-la*, na *njaa* huwa *NJA-la*. Hiyo *l* si kosa la watu wa bara, kama wasahihishaji wengi wanavyodhani; ni sauti ya kale ya Kibantu iliyopotea pwani ikadumu Katanga.

Kanuni ya kugawa ni fupi: silabi huishia kwenye irabu, na *mb*, *nd* au *ng* huenda pamoja na irabu inayofuata. Hivyo ni *Lu-bu-MBA-shi*, si *Lu-bum-ba-shi*. Mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na neno likirefuka nao husogea: *NYU-mba*, *nyu-MBA-ni*. Mfaransa husukuma uzito mwishoni, *Lika-SI*. Mwenyeji hutamka *Li-KA-si*.

Kihispania kinakaribia utaratibu huu. Neno linaloishia kwa irabu, *n* au *s* hukazwa silabi ya pili kutoka mwisho (*CA-sa*). Mengine hukazwa ya mwisho (*can-TAR*), na linalokiuka huwekewa alama, kama *corazón*. Kiswahili hakina alama hiyo, ndiyo maana *bara-BA-ra* ya magari na *ba-RA-bara* ya “sawasawa” huandikwa namna moja.

Mkazo huo una kazi nyingine: humjulisha msikilizaji kwamba neno linakaribia kwisha. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kwa Kiswahili cha Katanga, na mipaka ya maneno yake haifuati utaratibu mmoja. Johannes Fabian, aliyeichapisha upya 1990, alilazimika kutafuta mzungumzaji wa kuisoma kwa sauti ndipo maneno yakatengana.