Shukrani kwa Wazee Waliotusimulia Habari za Mara

Mtu akitupa chakula twamshukuru; lakini atupaye habari za mababu zetu mara nyingi huenda zake bila kuambiwa asante. Basi sisi wa Musoma, Bunda na Butiama tuna deni kwa wazee wetu, wanaume kwa wanawake, nasi twataka kulikiri.

Nchi yetu imegeuka sana. Tarehe 6 Novemba 1973 Rais Nyerere, mwana wa Butiama, alitangaza ya kuwa kufika mwisho wa 1976 watu wote wa mashamba wawe wanakaa vijijini. Huku Mara wengi walihama mwaka 1974. Nyuma yao yalibaki mahame, minyaa na makaburi. Mtoto apita hapo na mbuzi zake, asijue palikuwa kwa nani. Jina la mahali limo kinywani mwa mzee tu, na mzee akifa, nalo limekufa.

Kwa hiyo twawashukuru kwanza wale waliokwenda kuwauliza wazee, wakayaandika majibu kwa mikono yao. Maandishi ya baadhi yao yalikusanywa na Jan Bender Shetler, mwanahistoria wa Marekani, yakapigwa chapa huko Leiden mwaka 2003, kwa Kiswahili na Kiingereza.

Waikizu, kwa mfano, husimulia ya kuwa Isamongo, mwindaji wa mlima Chamuriho, alikuwa na moto; na Nyakinywa, mwanamke aliyetoka Kanadi katika Usukuma, alikuwa na mvua. Wakapatana, na kabila likaanzia hapo. Mtemi wa kwanza alikuwa Nyakinywa. Tazameni: moto bila mvua haulishi watu, wala mwenyeji hakutosha bila mgeni.

Lakini shukrani zilizochelewa kuliko zote ni za akina mama. Katika kitabu kingine, cha mwaka 2019, Shetler aeleza ya kuwa wanaume wa Mara husimulia zaidi habari za kabila na ukoo. Wanawake husimulia habari za ndoa, udugu na urafiki uliovuka mipaka ya makabila. Kwa siku nyingi maneno hayo yalihesabiwa kuwa mazungumzo ya jikoni. Kumbe ni historia! Njaa ilipoingia, mtu hakuuliza tu, "Mimi ni kabila gani?" Aliuliza, "Shangazi yangu ameolewa wapi?" Akashika njia hiyo, akapona.

Basi, ndugu wasomaji, tusiwashukuru wazee kwa midomo tu. Twaeni daftari, mkakae karibu na bibi. Mwulizeni alizaliwa wapi, aliolewa wapi, na mahame yale huitwaje. Andikeni jina lake juu ya ukurasa, kwa kuwa maneno ni yake. Kisha mwambieni, "Asante, bibi," angali akisikia.