Maneno Manne Juu ya Kengele ya Kyoto

Mwaka 1614, nchini Japani, kengele ya hekalu la Kibudha iligeuzwa kuwa ushahidi wa uhaini. Kengele hiyo ya hekalu la Hōkō-ji, mjini Kyoto, ilisubiwa kwa shaba na bati, nayo ina uzito wa takriban tani 82. Aliyeigharimia ni kijana Toyotomi Hideyori, mrithi wa Hideyoshi aliyewahi kuitiisha nchi nzima. Lakini madaraka yalikwisha uhama ukoo huo: Tokugawa Ieyasu alishinda vita vya Sekigahara mwaka 1600, akawa shogun mwaka 1603. Hideyori alibakiwa na ngome ya Osaka, mali ya baba yake, na jina ambalo wengi bado waliliheshimu. Kwa Ieyasu, mzee aliyepita miaka 70 na mwenye kufikiria warithi wake, hayo hayakuwa machache.

Mtawa Seikan aliandika dua ndefu ya kuchorwa juu ya kengele. Ndani yake mlikuwa na alama nne zisomekazo kokka ankō, yaani nchi iwe na amani na usalama. Alama ya pili na ya nne ndizo ziandikazo jina Ieyasu. Kati yake imeingia nyingine. Washauri wa Ieyasu wakasema: jina la bwana wetu limekatwa vipande viwili, hii ni laana. Msomi Hayashi Razan alikwenda mbali zaidi, akadai kwamba cheo cha heshima alichopewa Ieyasu katika dua hiyo kilificha nia ya kumpiga mshale. Mwamba ngoma huvutia kwake, na msomi wa ikulu ni mwamba ngoma hodari.

Seikan alijitetea kuwa alilificha jina hilo kwa makusudi, kama heshima. Haikusaidia. Sherehe ya kuizindua kengele ikaahirishwa, mjumbe wa Hideyori akarudi na masharti yasiyokubalika, na majira ya baridi ya mwaka huohuo Osaka ikazingirwa. Mwaka 1615 ngome iliteketea, na Hideyori akajiua pamoja na mama yake.

Kama maneno yale yaliaminiwa kweli kuwa laana, kengele ingeyeyushwa siku ya kwanza baada ya ushindi. Haikuyeyushwa. Ingali inaning'inia Kyoto, na alama zilizoshtakiwa zimetiwa rangi nyeupe ili mgeni asihangaike kuzitafuta.